Saa Tatu Kasoro Dakika Nne

Baba aliegesha gari pembeni,
hatua mia moja kabla ya lango,
taa za dharura zikikonyeza kama mtu mwenye siri.
Akaitazama saa ya mkononi.
Ile ya kwenye dashibodi aliishuku:
imetangulia sekunde ishirini, alisema,
kwa kiherehere tu.

Saa tatu kasoro dakika nne, dola tatu.
Saa tatu kamili, dola mbili.
Ndiyo hesabu yote ya asubuhi za Singapuri
kwa mtu mwenye gari la mzigo na mteja mmoja wa uhakika.
Dola moja, alisema, ni kahawa ya mchana.

Nyuma yetu, ndani ya makreti,
vibonge vya samaki vililala juu ya barafu,
na barafu haijui tozo.
Ilichuruzika tone kwa tone,
ikapita chini ya kiti,
ikalowesha soksi zangu za shule.
(Nilisoma zamu ya mchana. Asubuhi nilikuwa utingo.)

Hatukuwa peke yetu.
Mbele yetu teksi ya Bwana Sivalingam, bila abiria,
lori la mabomba,
mwanamke anajipaka wanja kwenye kioo cha gari jeupe.
Foleni ya waliokimbia foleni.
Askari wa pikipiki akagonga dirisha:
Gari limeharibika?
Baba akajibu: Linapumzika.

Kisha gari refu jeusi likatupita
katikati ya bei ya juu,
halikupunguza hata pumzi,
na barabara mbele yake tupu kama ukumbi kabla ya harusi.
Yule ameinunua njia, Baba akasema.
Akafikiri kidogo.
Hapana. Ameikodi. Dakika tatu.

Saa tatu. Injini zote zikaamka kwa pamoja,
tukasukumana langoni kama watoto wa kengele.
Kijisanduku kwenye kioo kikalia, ti,
mara moja tu,
na Baba akatabasamu kama aliyemwibia mfalme.

Usiku Mama aliandika kwenye daftari langu la hesabu,
nyuma, palipobaki kurasa:
barafu iliyoyeyuka, dola mbili;
mteja kakata bei, vibonge vimelegea, dola nne.
Teck Boon, akasema, umeokoa dola moja kwa dola sita.
Baba akaomba chumvi.

Jirani yetu Rohaya, muuguzi, ghorofa ya tisa,
alikuja kuazima ngazi, akayasikia.
Malango yale msiyaguse, alisema.
Zamani basi langu lilikwama darajani
hadi nikawajua kwa majina wote waliokaa dirishani.
Sasa nalala dakika kumi na tano zaidi.
Nyinyi ndio mnaonilipia usingizi.
Baba akamwambia: Basi angalau tuletee mto.
Alicheka. Ngazi hakuirudisha mwezi mzima.

Sijui nani alikuwa na haki mezani pale.
Nimekuwa mtu mzima, na bado sijui.

Ulipokuja mwaka wa maradhi
malango yakazimwa.
Bure, na hakuna mnunuzi.
Nilikuwa nikimrudisha Baba kutoka kliniki,
mfuko wa dawa mapajani,
barokoa imemteleza chini ya pua,
barabara ya njia tano na sisi, na ndege mmoja
anatembea katikati ya mistari bila haraka.

Simama hapo, akasema.
Wapi?
Hapo. Pembeni.
Nikawasha taa za dharura.
Mbele hapakuwa na Sivalingam wala lori la mabomba.
Baba akatazama saa ya mkononi,
ileile, mkanda mpya.
Nikataka kumwambia leo hawatozi,
nikaona amelijua hilo kabla yangu.

Tukakaa.
Mshale ukafika juu.
Hakuna kilichobadilika bei.

Twende, akasema, akigonga dashibodi kwa kucha,
twende upesi, barafu.